Bahari ya Chumvi: Yanayodhaniwa na Wageni na Ukweli Ulivyo

Dhana iliyoenea kuliko zote, na iliyo hatari kuliko zote, ni kwamba hakuna awezaye kuzama katika Bahari ya Chumvi. Ni kweli kwamba maji ya ziwa hilo, lililo kati ya Yordani kwa upande mmoja na Israeli na Ukingo wa Magharibi kwa upande wa pili, yana chumvi karibu mara kumi ya maji ya bahari za kawaida, na lita moja yake hufikia uzito wa kilo 1.24 hivi, ndiyo maana mwili huelea wenyewe. Lakini kuelea si kuogelea. Anayelala chali hana taabu. Anayelala kifudifudi huinuliwa miguu, uso ukabaki majini, na kujigeuza kukamshinda hata aliye hodari. Watu wamefariki hivyo. Tena maji hayo yakimezwa au yakiingia mapafuni, kalisi na magnesiamu hupanda katika damu kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo aliyeyanywa kwa bahati mbaya apelekwe hospitali mara moja, hata akisisitiza kuwa hajambo. Ingia taratibu hadi maji yafike mapajani, chuchumaa, kisha jilaze chali. Ukitaka kusimama, vuta magoti kifuani na usukume maji kwa mikono mpaka nyayo ziguse chini.

Wengine hudhani kwamba chumvi yenyewe ni ile ya mezani, ila imezidi. Sivyo: sehemu kubwa ni kloridi ya magnesiamu, na ndiyo inayoyapa maji uchungu na ule utelezi kama wa mafuta. Wala kukaa humo muda mrefu hakuongezi faida. Wageni hushauriwa kutoka baada ya dakika 15 au 20, wasitumbukize kichwa, na wasinyoe siku ya kuoga, kwa kuwa kila mkwaruzo huwaka moto. Wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi kuwa na magamba, hupata nafuu huko, lakini kwa wiki kadhaa za maji na jua chini ya uangalizi wa daktari, si kwa kujipaka tope mchana mmoja.

Si kweli pia kwamba hakuna chenye uhai humo. Samaki hawapo, ila vijidudu vinavyostahimili chumvi vipo.

Linalosahauliwa zaidi ni ufuo wenyewe, ambao watu huuona kama mchanga wowote. Kina cha ziwa hushuka kwa takriban mita moja kila mwaka, kwa sababu maji ya Mto Yordani huchepushwa kabla hayajafika na viwanda vya potashi, chumvi ya kutengenezea mbolea, huvukiza mengine. Maji yakirudi nyuma, maji yasiyo na chumvi ya chini ya ardhi huyeyusha matabaka ya chumvi yaliyofukiwa, pango hutokea, kisha ardhi hutitia ghafla. Mashimo ya namna hiyo sasa ni maelfu, na ufuo wa Mineral Beach ulifungwa mwaka 2015 kwa sababu yake. Uzio unaokutana nao njiani usiuruke, hata kama ardhi iliyo mbele inaonekana imara na maji yako karibu.