Kikalanguya: lugha moja, majimbo mengi

Kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, milima ya Cordillera inapokutana na ile ya Caraballo, wanaishi Wakalanguya, wakulima wa viazi vitamu, magimbi na, siku hizi, mboga za kuuza. Wa upande wa mji wa Santa Fe hujiita Ikalahan, na vitabu vingi huandika Kallahan. Msomaji asidhani ni makabila matatu.

Lugha yao ni ya jamii ya Kiaustronesia, alimo pia Mmalagasi, jirani yetu wa ng'ambo ya bahari. Ndugu wa karibu wa Kikalanguya ni Kiibaloi na Kipangasinan. Kitenzi hutangulia sentensi, na viambishi vyake huonyesha uzito umewekwa kwa mtendaji, kitendwa au mahali. Vingine huingizwa ndani ya mzizi wenyewe!

Lugha ndogo zikitajwa, watu hukimbilia idadi ya wasemaji. Hapa mimi ningetazama ramani kwanza. Miji yao imetawanyika: Tinoc iko jimbo la Ifugao. Kayapa, Ambaguio na Santa Fe ziko Nueva Vizcaya. Wengine wako Benguet. Ifugao na Benguet ni kanda ya Cordillera, Nueva Vizcaya ni kanda ya Bonde la Cagayan. Kwa hiyo katika kila jimbo Wakalanguya ni wachache, na sokoni watu huelewana kwa Kiilokano, lugha kuu ya kaskazini mwa Luzon.

Ardhi wameipigania vizuri zaidi kuliko lugha. Mwaka 1974 Ikalahan wa kijiji cha Imugan, Santa Fe, kupitia taasisi yao ya Kalahan Educational Foundation, walitia saini na serikali mkataba wa kutunza karibu hekta 15,000 za msitu. Taasisi hiyo ikaendesha sekondari na kutengeneza jemu ya matunda ya porini.

Shuleni mambo ni magumu. Sheria ya 2013 iliagiza lugha ya mama itumike madarasa ya mwanzo, lakini orodha ya lugha 19 ya wizara ya elimu haikuwa na Kikalanguya. Sheria ya Oktoba 2024 imeondoa agizo hilo. Lugha ya mama inaruhusiwa kuwa lugha kuu ya kufundishia pale tu wanafunzi wote wa darasa wanapoizungumza, tena iwe na tahajia rasmi, msamiati uliorekodiwa, fasihi, kitabu cha sarufi na walimu waliofunzwa. Tinoc au Kayapa darasa ambalo wote wanazungumza Kikalanguya si gumu kulipata. Ugumu uko kwenye masharti mengine, na kwa kuwa kila kanda ina ofisi yake ya elimu, kila upande unaweza kuanza na tahajia yake.