Bustani Bila Udongo Jangwani: Anza na Kivuli

Anayetaka kulima mboga bila udongo Lodwar, Kakuma au Garissa, maeneo kame ya Kenya, kwa kawaida huuliza kwanza bei ya pampu na mabomba. Mimi humuuliza: ndoo ya maji itakayobeba mizizi itakaa wapi saa nane mchana?

Mizizi iliyo majini huvuta oksijeni iliyoyeyuka humo, na maji yakipata joto oksijeni hupungua. Maji safi ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki na 7.5 hivi, huku mizizi ikihitaji zaidi. Vimelea vya Pythium, vinavyoozesha mizizi, hupata nafasi hapo. Mizizi hugeuka kahawia, huteleza na kunuka, na majani hunyauka ilhali ndoo imejaa. Wengi wakiona hivyo huongeza mbolea, na hiyo ndiyo humaliza mmea kabisa.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye neti ya kivuli inayozuia karibu nusu ya jua. Ndoo iwe nyeupe kwa nje, isiyopenyeza mwanga, maana mwanga huotesha mwani. Ifukie ardhini hadi shingoni, au izungushie gunia lililoloweshwa kwa maji yaliyooshea vyombo. Hewa kavu itaipoza kama inavyopoza mtungi.

Mwaka 2015 watafiti wa Arizona State University walipiga hesabu ya letusi huko Yuma, jangwani Marekani. Kilimo cha haidroponiki, yaani hiki cha bila udongo, kilihitaji lita 20 hivi za maji kwa kilo, cha shambani 250. Lakini nishati ilizidi mara 82, nyingi ikienda kupasha joto na kupoza banda. Hiyo si njia ya mkulima wa Turkana anayeanza.

Yake ni ile isiyo na pampu, iliyoendelezwa na Bernard Kratky wa University of Hawaii: ndoo ya lita 20, mfuniko uliotobolewa, kikombe cha kokoto au maganda ya nazi, mche mmoja. Maji yanaposhuka huacha nafasi ya hewa, na mizizi ya juu hupumua hapo. Usijaze tena hadi juu, utaizamisha. Nusu ya ndoo yatosha.

Panda mchicha, kunde au mrehani. Letusi kwenye joto hukimbilia kutoa maua na kuwa chungu, iache kwanza.

Maji yenyewe yapimwe kabla ya kununua mbolea. Ziwa Turkana lina magadi, na hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Lotikipi, huko huko Turkana, iliyotangazwa kwa shangwe mwaka 2013, baadaye ilipimwa ikakutwa na chumvi nyingi. Kisima chako kikiwa na chumvi, changanya na maji ya mvua uliyohifadhi. Kisha weka pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 5.5 na 6.5.

Virutubisho navyo viwe hafifu kuliko kipimo cha kwenye pakiti, kwa sababu kwenye joto mmea hunywa maji haraka kuliko unavyokula, na chumvi hubaki ikijikusanya. Mbolea ya naitreti ya kalisi isikutane na zile za salfeti au fosfeti zikiwa bado nzito: huungana na kutuama chini. Yeyusha kila moja peke yake kwa maji mengi ndipo uchanganye, na mche uhamishe jioni.