Kufunga Mitambo Hakutoshi: Dhana Potofu Kuhusu Magari Yanayowasiliana na Barabara

"Injinia, sisi tununue mitambo yetu, jirani anunue yake, kila mtu na barabara zake." Kauli hii, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, nimeisikia vikaoni mara nyingi kupita kiasi. Huwa inatoka kwa watu wenye nia njema kabisa: maofisa wa halmashauri, wenye mabasi, wakandarasi wa taa za barabarani. Wanaamini kwamba teknolojia ya magari yanayopeana maonyo kwa redio, yenyewe kwa yenyewe na mitambo ya kando ya barabara, ni bidhaa: unainunua, unaifunga kwenye nguzo, ajali zinapungua. Nitaanza na imani hiyo na nitakaa nayo muda mrefu, kwa sababu ndiyo inayokula fedha bila kuokoa mtu.

"Kila mamlaka inaweza kujinunulia mfumo wake"

Kununua inaweza. Swali ni nini kitatokea baada ya kununua. Mtambo wa kando ya barabara ni redio tu. Kinachookoa maisha ni ujumbe unaorushwa, na ujumbe huo hauna kazi mpaka gari linalopita liusikie kwenye masafa yake, liuelewe, na liuamini. Mambo hayo matatu hayapatikani dukani. Yanapatikana kwa makubaliano, na wanaopaswa kukubaliana kwanza ni wenye barabara.

Tuanze na masafa. Aliyewahi kumiliki gari la mtumba kutoka Japani anajua kwamba redio yake hainasi stesheni nyingi za hapa mpaka fundi aifungie kifaa cha kubadilisha masafa, maana FM ya Japani huanzia 76 na ya kwetu ni kati ya 88 na 108. Kwenye usalama hali ni hiyo hiyo. Mfumo wa ITS Connect, ambao Toyota ilianza kuuweka kwenye magari ya soko la Japani mwaka 2015, unatumia masafa ya megahezi 760. Ulaya na Marekani wametenga gigahezi 5.9. Gari la Japani lenye mfumo huo likipita mbele ya mtambo wa Ulaya uliosimikwa kando ya barabara yetu, halitasikia chochote. Ukizingatia magari tunayoagiza yanatoka wapi, hilo lilipaswa kuwa swali la kwanza la kila zabuni. Wanaoliuliza ni wachache mno.

Sasa tuende Ulaya, ambako kazi hii imefanywa kwa utaratibu ninaoutamani. Mwaka 2013 Uholanzi, Ujerumani na Austria zilitia saini makubaliano ya ushoroba mmoja kutoka Rotterdam kupitia Frankfurt hadi Vienna. Hawakuanza na mambo makubwa ya kutangazwa magazetini. Walichagua huduma mbili: kumwonya dereva kuhusu kazi za barabara, na kukusanya taarifa kutoka kwenye magari ili wasimamizi waijue hali ya barabara.

Kwa nini kazi za barabara? Kwa sababu kwenye barabara kuu, trela la tahadhari linaloegeshwa nyuma ya mafundi, lile lenye mshale mkubwa wa taa, hugongwa na malori. Dereva amechoka au ameinamia simu, mshale anauona akiwa ameshachelewa. Trela likiwekewa redio, onyo linaingia ndani ya kabini kabla trela lenyewe halijaonekana. Mtu mwenye koleo ambaye hana bodi la gari wala mkoba wa hewa wa kumkinga anapata sekunde kadhaa za uhai. Mimi huduma hii naipenda kuliko zote kwa sababu hiyo.

Lakini angalia kilicho ndani ya onyo hilo dogo. Lazima liseme trela liko wapi, njia ipi imefungwa, kasi inayoruhusiwa ni ipi, na onyo linaisha nguvu lini. Lazima pia libebe msururu wa nukta za barabara inayoelekea eneo la kazi, ili gari litambue kama linakwenda huko au liko upande wa pili likirudi mjini. Bila nukta hizo, kila gari lililo karibu litapiga kelele, hata lile la kwenye barabara ya mchepuko. Fikiria sasa nchi moja ikihesabu umbali kuanzia koni ya kwanza, na jirani yake akihesabu kuanzia kwenye trela. Kila upande uko sahihi nyumbani kwake. Dereva wa lori anayevuka mpaka ndiye anayepata onyo la uongo. Akidanganywa mara mbili tatu halisikilizi tena, wala lile la kweli halisikilizi.

Ndiyo maana mwaka 2016 ilizaliwa C-Roads, jukwaa la mamlaka na waendeshaji wa barabara wa nchi mbalimbali za Ulaya linaloratibiwa kutoka Austria. Kazi yake kubwa ni ya kuchosha: kuandika, kurekebisha na kuchapisha maelezo ya namna kila ujumbe unavyojazwa, kisha kuyapeleka magari ya nchi moja kwenye mitambo ya nyingine ili kuhakikisha wanaelewana. Hakuna utepe wa kukata pale. Hata hivyo ndipo usalama unapojengwa, na ninapoona bajeti zetu zimejaa vifaa huku safu ya majaribio ya pamoja ikiwa tupu, najua mradi umeshakufa.

Limebaki la kuaminiana. Kila ujumbe hutiwa saini ya kidijitali, na gari hulipuuza tangazo lisilo na saini inayotambulika. Ulaya wanayo orodha ya pamoja ya watoa vyeti wanaoaminika, ili gari la Uholanzi liweze kuliamini trela la Austria. Kwetu Tanzania nani atatia saini, na jirani yetu Zambia itamwamini kwa msingi gani? Muuza vifaa hawezi kulijibu swali hilo kwa niaba ya serikali mbili.

Gharama ya kutokukubaliana nayo imeshaonekana. Marekani ilitenga masafa yenye upana wa megahezi 75 kwa ajili ya kazi hii mwaka 1999. Pendekezo la kulazimisha magari mapya yawe na mawasiliano haya, lililotangazwa Desemba 2016, halikuwahi kuwa sheria. Novemba 2020 wasimamizi wa mawasiliano waliyagawa masafa, wakayaachia magari megahezi 30 na kuelekeza kwamba teknolojia ya awali ipishe nyingine. Waliokuwa wameshafunga mitambo ya zamani barabarani walibaki na vifaa vinavyosubiri kuondolewa. Ulaya nao hawakusalimika na ugomvi: kanuni ya pamoja iliyotolewa na Kamisheni ya Ulaya Machi 2019 ilikataliwa na Baraza la nchi wanachama Julai mwaka huo huo, kwa mvutano wa teknolojia ipi itawale. Kilichozuia kazi isiporomoke ni kwamba mamlaka za barabara zilikuwa tayari zina ujumbe mmoja waliokubaliana, unaoweza kusafirishwa kwa njia zaidi ya moja. Redio ikibadilika, maana ya ujumbe inabaki.

Ukanda wetu hauna udhuru wa kusema makubaliano ya namna hii hayawezekani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari iliweka kikomo kimoja cha tani 56. Waliokubaliana kuhusu mizani wanaweza kukubaliana kuhusu onyo. Na wafanye hivyo mapema, kwa sababu tuna jambo ambalo ushoroba wa Rotterdam hadi Vienna hauna: lori likitoka Dar es Salaam likavuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, linahama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia. Ujumbe unaosema "njia ya kwanza imefungwa" lazima uwe umekubaliwa unahesabu kutoka wapi.

"Mpaka magari yote yawe nayo ndipo ifae"

Hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaeleweka vibaya. Kwa mawasiliano ya gari na gari, yote mawili lazima yawe na kifaa. Magari 10 katika kila 100 yakiwa nacho, uwezekano wa mawili yanayokutana kuwa nacho yote ni asilimia 1 tu. Ukiishia hapo utakata tamaa. Lakini trela la mafundi likiwa na redio, upande mmoja umeshatimia siku zote, kwa hiyo yale magari 10 yote yanaonywa tangu siku ya kwanza. Mamlaka ya barabara inayosema "tunasubiri watengenezaji wa magari" imelishika jambo kinyume. Volkswagen iliizindua Golf ya kizazi cha nane Oktoba 2019 ikiwa na mawasiliano haya, na ilihitaji barabara za kuzungumza nazo.

"Bila 5G haiwezekani"

Si kweli. Mawasiliano ya moja kwa moja hayapiti mnara wa simu, hayahitaji laini wala bando. Teknolojia ya ITS-G5 inayotumika Ulaya ni ya ukoo wa Wi-Fi. Gari hujitangaza hadi mara 10 kwa sekunde, na sauti yake hufika mita mia kadhaa. Taarifa zinazoweza kusubiri kidogo hupita vizuri kwenye mtandao wa kawaida wa simu. Finland, Sweden, Norway na Denmark walifanya hivyo kwenye mradi wa NordicWay ulioanza 2015, mifumo yao ikipokezana taarifa kuvuka mipaka. Wyoming nchini Marekani, kwenye barabara ya I-80 yenye theluji na upepo unaopindua malori, walitumia hata setilaiti. Anayekuambia usubiri 5G, mwulize anauza nini.

"Ni VTS nyingine ya kutukamata"

Wenye mabasi husema hivi, na nawaelewa. Kifaa cha VTS, yaani mfumo wa kufuatilia mabasi unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinalijua basi lako na kinaripoti mwendo wake, maana kiliwekwa kwa kazi hiyo. Ujumbe wa gari linalowasiliana haubebi namba ya usajili, na kitambulisho chake hubadilishwa mara kwa mara ili mtu asiweze kulifuata kirahisi. Hata hivyo wasiwasi huo si wa kupuuzwa: mwaka 2017 chombo cha pamoja cha wasimamizi wa ulinzi wa taarifa wa Umoja wa Ulaya kilisema jumbe hizi bado ni taarifa binafsi. Kwa hiyo mkataba uandike nini kinahifadhiwa, kwa muda gani, na nani anakiona. Usikubali ahadi ya mdomo.

"Ndiyo magari yasiyo na dereva"

Hapana. Onyo linatokea kwenye dashibodi, na mguu wa breki ni wa dereva.

"Hayo ni ya Wazungu, kwetu bado"

Hapa sibishani na kila kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, asilimia 92 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na pikipiki. Mtoto anayevuka kwenda shule hana redio mfukoni. Ofisa akiniletea mpango wa mitambo wakati shule iliyo kando ya barabara yake haina njia ya waenda kwa miguu wala matuta, namwambia ajenge njia ya miguu kwanza.

Ila sehemu ya kwanza ya kazi hii haihitaji mtambo. Ulaya ina kanuni ya mwaka 2013 inayotaja aina 8 za taarifa za hatari zinazopaswa kumfikia dereva, bure inapowezekana: utelezi wa muda, watu, wanyama au vitu barabarani, eneo la ajali lisilowekewa kinga, kazi za barabara za muda mfupi, kutoona mbali, gari linalokuja kinyume, barabara iliyozibwa bila msimamizi, na hali ya hewa isiyo ya kawaida. Chukua orodha hiyo uipeleke kwenye mlima wa Kitonga. Lori likiharibikia pale leo, utingo anakata matawi na kuyapanga kwenye lami, na dereva wa basi anayetoka Iringa anayaona anapopinda kona. Je, kuna ofisi inayoandika saa lori lilipoziba njia, upande upi, na saa njia ilipofunguliwa? Mamlaka isiyojua njia gani imefungwa kwenye barabara yake haina ujumbe wa kurusha, hata ikinunua redio elfu.

Ushauri wangu kwa wateja umekuwa ni huo huo: kwanza rejista ya kazi za barabara na vizuizi, inayojazwa kwa saa na si kwa wiki, kwa mpangilio mmoja kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Kisha wapelekeeni wenzenu wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, mpangilio huo, mkae nao waukosoe, kabla tangazo la zabuni halijatoka.