Vitamini haisafishi maji ya pipa lako

Wafugaji wa sato na kambare wa Goba, Kigamboni na Mbagala hapa Dar es Salaam, jambo hili naomba tulimalize. Napigiwa simu: "Daktari, samaki hawakui, niongeze vitamini C kiasi gani?" Nikifika nakuta pipa la bluu lililowahi kubeba kemikali kiwandani, limeanikwa juani kutwa, na mpira laini wa bustani umezama ndani ya maji.

Vitamini C inasaidia, sikatai. Bisfenoli A na thaleti, kemikali zinazotoka kwenye plastiki, zikimwingia samaki, huzalisha molekuli kali zinazoharibu ini. Vitamini C na E, pamoja na madini ya seleniamu, hupunguza makali hayo. Sato na kambare hawajitengenezei vitamini C, lazima waile. Lakini pipa likibaki palepale, sumu inaingia kila siku. Tena bisfenoli A hujifanya homoni ya kike: dume anaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ambayo si yake. Utamtibu vipi huku unamrudisha kwenye maji yaleyale?

Hata hiyo vitamini mnaiua wenyewe. Chakula kinaachwa wazi kwenye ndoo juani, na vitamini C haistahimili joto wala hewa. Wengine wanaikoroga kwenye maji, inapotea kabla samaki hajala. Na seleniamu msiguse kwa kukisia. Ikizidi kidogo tu, nayo ni sumu.

Toeni mapipa hayo. Tangi liezekeeni kivuli cha makuti, kwa sababu joto na jua huharakisha plastiki kuachia kemikali. Mpira ukishajaza maji utolewe, na maji ya kwanza yaliyolala ndani yake yamwagwe. Hili nitalirudia hadi nichoke.

Wengine hunijibu: "Samaki hawafi, basi maji ni salama." Kambare huvuta hewa ya juu na huishi hata kwenye tope, uhai wake haupimi chochote. Madhara haya huja polepole: mayai machache, ini bovu, ukuaji uliodumaa.

"Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, yamekwisha." Marufuku ilihusu mifuko ya kubebea. Chupa, mabomba na mapipa yapo. Katazameni Mto Msimbazi baada ya mvua.

"Mimi natoa utumbo, inatosha." Utumbo unatoka na vipande vya plastiki alivyomeza samaki. Kemikali iliyokwisha kuingia kwenye mafuta na mnofu haitoki kwa kisu.