Chakula cha mama mjamzito na ugonjwa wa sukari kwa mtoto

Mtoto yuko tumboni. Sukari ya mama inamfikiaje?
Inavuka kondo la nyuma na kuingia kwake. Insulini ya mama, ile inayoshusha sukari damuni, haivuki. Kwa hiyo sukari ya mama ikipanda, kongosho changa la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi. Mtoto ananenepa kupita kiasi, na kitovu kikishakatwa sukari yake yaweza kushuka ghafla: anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, apimwe. Ukubwani, hatari yake ya kisukari cha aina ya 2 iko juu. Kile cha aina ya 1 hakiletwi na sahani ya mama, tafadhali asilaumiwe.

Basi afadhali ale kidogo?
Hapana! Uholanzi ilipatwa na njaa kali mwaka 1944 hadi 1945. Waliokuwa tumboni wakati ule, walipokuwa watu wazima, miili yao ilishindwa zaidi kumudu sukari. Mtoto anayekosa chakula tumboni hujengeka akibana matumizi, na kongosho lake huwa na nguvu kidogo. Mama wa Kadutu, mjini Bukavu, anayekula mara moja kwa siku kwa sababu bei sokoni imepanda, tunamhofia sawa na yule wa sukari nyingi.

Wanasema ale kwa watu wawili.
Miezi mitatu ya kwanza hahitaji nyongeza. Ya kati ni kalori 340 hivi kwa siku: kikombe cha maharagi yaliyoiva na ndizi mbivu moja, basi. Miezi ya mwisho, 450.

Sahani yenyewe iweje?
Bugali kiasi cha ngumi yake. Nusu ya sahani lengalenga (mchicha) au sombe (majani ya muhogo). Panapobaki, maharagi au sambaza, wale samaki wadogo, za kujaa kiganja, azile na vichwa na mifupa. Bugali ya muhogo peke yake hushibisha, lakini protini karibu haina. Sukre, yaani soda, ya santilita 33 hubeba gramu 35 hivi za sukari, vijiko vinane vya chai au zaidi, na huingia damuni haraka. Anywe maji.

Apimwe lini?
Wiki ya 24 hadi 28, hata kama hasikii kitu. Mara nyingi hakuna dalili. Afike CPN, yaani kliniki ya wajawazito, hajala tangu usiku. Chai ya sukari "kidogo tu" asubuhi inaharibu kipimo. Anapimwa, anakunywa gramu 75 za glukosi katika maji, anapimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Mipaka ni 92, 180 na 153 mg/dl. Mmoja tu ukifikiwa, ni kisukari cha mimba. Huyo arudi kupima wiki 6 hadi 12 baada ya kuzaa, hata akijisikia mzima.