Kuogopa feri: fobia na namna tunavyoitibu

Anayekaa Likoni na kazi yake iko kisiwani Mombasa, halafu kila siku azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu kwa sababu feri hawezi kuipanda, huyo haogopi kama wengine. Mimi humwuliza maswali mawili: hofu hii ina muda gani, na imekunyima nini? Ikiwa imepita miezi 6, hailingani na hatari iliyopo, na sasa ndiyo inayompangia maisha (kazi ameacha, mazishi ya ng'ambo hendi), hiyo ni fobia. Sisemi hatari haipo. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, watu 272 wakafa, na mji huu haujasahau. Lakini anayeikumbuka ajali ile na bado akavuka kwa uangalifu yuko mbali na anayelowa jasho kwa kusikia honi tu.

Fobia inalishwa na kukwepa. Ukigeuza njia pale mteremkoni, moyo unatulia papo hapo, na ubongo unaandika kwamba umesalimika kwa sababu umekimbia.

Kwa hiyo tunaikabili kwa ngazi. Kila hatua tunaipa alama ya hofu, 0 hadi 100, na tunaanzia kwenye 30 au 40. Kwa feri: keti Mama Ngina, bustani ya ufukweni upande wa kisiwani, utazame feri zikivuka. Kisha shuka hadi banda la abiria, ukae, urudi. Halafu vuka na mwenzako saa nne asubuhi, umati ukishapungua. Kisha peke yako. Mwisho jioni, katikati ya magari na mikokoteni. Kabla ya kila hatua andika unachohofia: "Nitazimia," "Nitapiga kelele watu wanicheke." Ukifika ng'ambo, kisome tena. Mwenda kwa miguu halipi, basi vuka na urudi mara 4 au 5 kwa mkupuo mmoja. Mara moja kwa wiki haitoshi.

Mambo huharibika pale mtu anapokimbia banda hofu ikiwa kileleni, au anapovuka amefumba macho, muziki umejaa masikioni, mkono umemng'ang'ania rafiki. Amevuka, ndiyo, ila hakujifunza kitu. Diazepam (kidonge cha kutuliza) ya kabla ya safari ni vivyo hivyo: sifa zote zinakwenda kwa kidonge.

Waliosomewa dua au kunywa kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya) siwakatazi. Dua haigombani na ngazi. Ninachokataa ni kungoja hofu iishe kwanza ndipo upande.

Hofu ya damu na sindano ina mambo yake. Nyingine zote zinapandisha presha, na kuzimia ni nadra. Hii huipandisha kidogo kisha ikaiangusha ghafla, na mtu akaanguka kweli. Ukimwambia alegeze mwili, unamsukuma chini. Mfundishe kukaza: mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso upate joto; aachie kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa; arudie mara 5. Afanye mazoezi nyumbani kila siku kwa wiki nzima kabla ya kwenda maabara. Mkono utakaochomwa uachwe umelegea, maana msuli uliokazwa unaongeza maumivu, na amwambie muuguzi mapema ili achomwe akiwa amelala.

Hofu ikirejea miezi baadaye, kama baada ya habari ya ajali, usianze upya Mama Ngina. Panda na mwenzako wiki hiyo hiyo, kisha peke yako.