Ithibati ya shule binafsi ni nini, na inatofautianaje na usajili?

"Shule yetu imesajiliwa na serikali." Maneno haya hukaa juu kabisa kwenye mabango na fomu za kujiunga, na mzazi akishayasoma huona kazi ya kuuliza imekwisha. Ukweli ni kwamba usajili unajibu swali moja tu: je, mmiliki huyu ana ruhusa ya kuendesha shule mahali hapa? Kama shule inafundisha inavyopaswa, na kama cheti chake kitakubalika kwingine, hilo ni suala la ithibati.

Neno ithibati limetoka Kiarabu, shina moja na thabiti na thibitisha. Shule yenye ithibati ni ile iliyochunguzwa na chombo cha nje kwa vigezo vilivyoandikwa, kikaridhika kwamba imevifikia. Usajili, kwa kawaida, hutangulia: maofisa hutazama majengo, vyoo, njia za kutokea moto ukizuka, sifa za walimu, na mmiliki mwenyewe ni nani. Bila usajili shule haina uhalali wa kufungua mlango. Kule England, kwa mfano, mtu akiwa na wanafunzi watano wa umri wa lazima kusoma, wanaofundishwa muda wote, tayari sheria inamhesabu kuwa na shule, na kuiendesha bila kuisajili ni kosa la jinai.

Wapo wanaouliza serikali inaingiaje kwenye mali ya mtu binafsi. Swali hili lilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1922 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka 8 hadi 16 wasome shule za umma. Masista wa Kikatoliki waliokuwa na shule zao wakashtaki, na mwaka 1925 wakashinda: mzazi ana haki ya kumchagulia mwanawe shule. Ila hukumu hiyohiyo ilisema kwamba hakuna aliyepinga mamlaka ya jimbo kuzikagua shule zote na kuwapima walimu na wanafunzi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966, ibara ya 13, umeshika njia hiyo: watu wana uhuru wa kuanzisha shule, mradi zifuate viwango vya chini vya serikali. Mimi naona ndivyo inavyostahili. Mtoto hakusaini mkataba wowote na mwenye shule, kwa hiyo lazima awepo wa kumsemea.

Ithibati yenyewe haipatikani kwa siku moja. Shule huanza kwa kujitathmini na kuandika ripoti, tena kwa ushahidi: maandalio ya masomo, matokeo ya mitihani, hesabu za fedha, kumbukumbu za malalamiko. Kisha hufika jopo la wakaguzi, mara nyingi wakiwa walimu na wakuu wa shule nyingine. Wanakaa nyuma ya darasa, wanafungua madaftari kuona kama yamesahihishwa, wanazungumza na wanafunzi mwalimu mkuu akiwa hayupo. Mwisho hutolewa uamuzi: shule imepata, imekosa, au imepewa muda wa kurekebisha mambo fulani. Ikipata, hupata kwa miaka maalumu, halafu inakaguliwa upya.

Anayeitoa hutofautiana. Marekani kazi hiyo hufanywa zaidi na jumuiya za hiari za shule zenyewe, ambazo zilianza mwishoni mwa karne ya 19, na majimbo mengi hayailazimishi shule binafsi kuwa nayo. Ufaransa ilichagua njia nyingine kwa sheria ya 1959: shule binafsi ikifunga mkataba na serikali, walimu wake hulipwa na serikali na shule hufuata mtaala wa taifa. Isiyo na mkataba hujigharimia, lakini wakaguzi bado huingia.

Kwa vile ithibati huleta wanafunzi, wapo pia waliofungua vyombo vya kuiuza: ukilipa, cheti kinatumwa. Ndiyo maana ni lazima kuuliza chombo hicho kinatambuliwa na nani.

Ukikuta cheti kimetundikwa ofisini, kisogelee ukisome. Jina la shule na la mmiliki ni yaleyale yaliyo kwenye stakabadhi ya ada? Anwani ni ya tawi hili, au ya lile la kwanza? Ni cha ngazi ipi? Shule iliyokubaliwa kwa msingi pekee ikaongeza sekondari kimyakimya huwaacha vijana wake pabaya siku ya kujiandikisha mtihani. Kinaisha lini? Ukimaliza, tafuta namba yake kwenye orodha ya mamlaka iliyokitoa, maana cheti kikifutwa hakijiondoi ukutani.